Matambara Hayamuudhi Mtu, Kinachoudhi ni Hesabu

Kila inapotokea filamu inayomwonyesha mfanyakazi jinsi alivyo, na mfuko wake mtupu, chumba chake cha kupanga na watoto wake wanaongoja chakula, hawakosekani waheshimiwa wa kusimama na kulalamika kwamba taifa limevuliwa nguo mbele ya wageni. Hoja yao ni ile ile, iwe imetolewa Roma au Bombay, London au Mwanza. Umaskini upo, wanasema, hatuukatai. Lakini si jambo la kutandazwa kwenye pazia la sinema likatazamwa na kila mtu, na msanii mwenye kuipenda nchi yake angetafuta jambo jema zaidi la kuonyesha. Makala hii inakusudia kuipinga hoja hiyo pasipo kuuma maneno. Imekwisha kufanya madhara ya kutosha. Na zaidi ya hayo, wanaoitoa hawasemi kile hasa kinachowaudhi.

Kinachowaudhi si matambara. Matambara yamekuwamo katika sinema tangu sinema ilipoanza, na hakuna waziri aliyekosa usingizi kwa ajili yake. Maskini mcheshi anayeteleza na kuanguka, maskini mcha Mungu anayekata roho huku akitabasamu, binti wa mpishi anayependwa na mwana wa tajiri: hao wote wameonyeshwa mara zisizo na idadi, na matajiri wenyewe wamewapigia makofi. Maskini wa aina hiyo ana sifa moja inayompendeza sana mwenye mali, nayo ni kwamba hana hesabu. Hatuambiwi anapata kiasi gani kwa mwezi, kodi ya chumba ni kiasi gani, anadaiwa na nani, wala jasho lake linakwenda kumnenepesha nani. Umaskini umemshukia kama mvua ya masika, na kwa kuwa umekuja wenyewe, utaondoka wenyewe, ikibidi kwa harusi. Lakini mwongozaji akithubutu kuliweka mezani daftari la matumizi la maskini huyo, akaonyesha kilichoingia, kilichotoka, na mkono uliokipokea, hapo ndipo kelele za aibu ya taifa zinapoanza.

Tuangalie Italia, kwa sababu huko ugomvi huu ulipiganwa waziwazi na kumbukumbu zake zipo. Vita vilipokwisha mwaka 1945, miji ilikuwa magofu, viwanda vimesimama, na watu wasio na kazi wamejaa mitaani. Baadhi ya waongozaji wa sinema walitoka na kamera zao barabarani, wakaacha majumba ya kuigizia, wakachukua watu wa kawaida wacheze maisha yao wenyewe. Mwaka 1948 Vittorio De Sica, akishirikiana na mwandishi Cesare Zavattini na wenzake, alitoa filamu ya Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli.

Kisa chake ni chepesi kukisimulia. Antonio Ricci, mkazi wa Roma aliyekaa muda mrefu bila kazi, anaitwa na ofisi ya ajira. Ipo kazi ya kubandika matangazo ukutani, lakini sharti awe na baiskeli. Baiskeli anayo, ila iko rehani. Mkewe Maria hapotezi maneno. Anayavua mashuka ya kitandani, wanayapeleka rehani, na kwa fedha hizo wanaikomboa baiskeli. Hapo De Sica anafanya jambo ambalo mwongozaji wa machozi asingelikumbuka. Kamera inamfuata karani anapolibeba furushi lile la mashuka na kupanda nalo juu, rafu hata rafu, na kila rafu imesheheni mafurushi ya mashuka ya watu wengine. Hakuna hotuba inayotolewa. Mtazamaji amekwisha kuelewa kwamba Roma nzima ya makabwela inalala bila shuka, na kwamba shida ya Antonio haikutokana na uvivu wake wala nuksi ya ukoo wake.

Siku ya kwanza ya kazi, akiwa juu ya ngazi anabandika picha ya Rita Hayworth, mrembo wa sinema za Marekani, baiskeli inaibwa. Sehemu kubwa iliyobaki ya filamu ni baba na mwanawe Bruno, mtoto mdogo ambaye naye tayari ni kibarua katika kituo cha petroli, wakizunguka mji kuitafuta. Katikati ya msako huo, baba aliyekata tamaa anampeleka mtoto mkahawani ili angalau wale kama watu. Meza ya jirani ina familia ya wenye nacho, na mtoto wao anamtazama Bruno kwa dharau. Antonio anaanza kuhesabu: mshahara wa mwezi, malipo ya saa za ziada, posho ya familia. Anampa mtoto penseli aandike na kujumlisha. Jumla inapopatikana ndipo sote, pamoja nao, tunaposhika uzito wa kile kilichoibwa. Nimetazama filamu nyingi za mizinga na majeshi. Ni chache zilizonitia hofu kama penseli ile ya Bruno.

Mwisho wake, kama ajuavyo kila aliyeiona, ni kwamba Antonio naye anajaribu kuiba baiskeli ya mtu, anakamatwa na umati, anatukanwa na kupigwa makofi mbele ya mwanawe, kisha mwenye baiskeli anamwachia. Wanakwenda zao, mkono wa mtoto ndani ya mkono wa baba. Hakuna bahati nasibu, hakuna mjomba tajiri anayewasili kutoka ng'ambo.

Inasimuliwa kwamba mtayarishaji mmoja mkubwa wa Hollywood, David O. Selznick, alikuwa tayari kuigharimia filamu hiyo ikiwa Antonio angechezwa na Cary Grant, mwanamume mtanashati kupita wote wa sinema za wakati ule. De Sica alikataa, akamchukua Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwanda cha Breda. Mtu yule alijua kuvaa koti kuukuu kwa sababu koti lenyewe lilikuwa lake la kila siku. Na hapa pana jambo ambalo wasifuji wa filamu hii hulipitia haraka. Kazi ya kucheza filamu ilipokwisha, Maggiorani alirudi kiwandani, na kiwanda kilipopunguza watu naye akapunguzwa. Dunia ilikuwa inamlilia mtu asiye na kazi aliyemwona sinemani, na huku yule aliyemcheza hana kazi.

Serikali ya Italia ililionaje jambo hili? Mtu aliyekuwa na dhamana ya mambo ya sinema serikalini ni Giulio Andreotti, wakati huo naibu katika ofisi ya Waziri Mkuu, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri Mkuu mwenyewe mara kadhaa. Sheria ya mwaka 1949 iliyobeba jina lake iliziletea sinema za Kiitalia fedha na ulinzi dhidi ya wimbi la filamu za Marekani. Jambo jema hilo, tusilifiche. Lakini fedha hizo zilipita katika mikono ya wakubwa, hadithi ikapelekwa kukaguliwa kabla ya mkopo, na filamu iliyodhaniwa kuipaka nchi matope ingeweza kunyimwa ruhusa ya kutoka nje. Haikuhitajika rungu. Mwandishi mwenye kisa cha mtu asiye na kazi alielewa mwenyewe kwamba kisa cha mapenzi ufukweni kingepata mkopo upesi zaidi.

De Sica hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Mwaka 1952 alitoa Umberto D., filamu ya mzee aliyekuwa mtumishi wa serikali, sasa mstaafu, anayeishi na mbwa wake katika chumba cha kupanga. Inaanza na maandamano ya wastaafu wanaodai nyongeza ya pensheni, na polisi wanawatawanya. Tunajua pensheni ya mzee ni kiasi gani, kodi ni kiasi gani, na deni lake kwa mwenye nyumba ni kiasi gani, na tunajua kwamba hesabu hiyo haitimii hata ukiijumlisha kutoka chini kwenda juu. Anauza saa yake. Anauza vitabu vyake. Mama mwenye nyumba, akipigania hadhi ya kuwa bibi mkubwa wa mjini, anakikodisha chumba cha mzee kwa saa chache kwa wapenzi wa siri wakati mwenyewe yuko nje. Kisha inakuja ile hatua ambayo mtumishi wa serikali hakuiota kamwe: mzee anausimamisha mkono wake barabarani kuomba. Mpita njia anapotaka kutoa kitu, kiganja kinageuzwa ghafula kama kwamba kilikuwa kinapima matone ya mvua. Aliyeshindwa kumuona baba yake au mwalimu wake katika kiganja kile hana haja ya kuendelea kusoma makala hii.

Andreotti alimjibu De Sica kwa waraka wa wazi mwaka huo huo, akimlaumu kwamba anaihudumia nchi yake vibaya kwa kuwafanya watu wa duniani wadhani hiyo ndiyo Italia, na kumtaka awe na matumaini zaidi. Angalia vizuri lawama yenyewe. Haikuwa kwamba pensheni iliyotajwa ni ya uongo. Haikuwa kwamba polisi hawakuwatawanya wazee. Lawama ni kwamba jambo limesemwa, na limesemwa mahali wageni wanasikia. Mwenye nyumba anayemwambia mpangaji asilalamike kwa sauti kuhusu paa linalovuja ana hoja ya namna hiyo hiyo.

Nitaambiwa kwamba makabwela wa Italia wenyewe hawakuikimbilia Umberto D.; kwamba ilipata hasara, na kwamba mtu aliyevuja jasho mchana kutwa anataka jioni aone ngoma, mapenzi na bastola. Ni kweli ilipata hasara. Ni kweli pia kwamba mchovu ana haki ya kupumzika, na mimi sina ugomvi na nyimbo; nani asiyependa wimbo? Lakini kumbuka Antonio alikuwa anabandika nini ukutani baiskeli ilipoibwa. Uzuri wa kuazima ulikuwa tayari umejaa katika kila ukuta wa Roma, na yeye ndiye aliyelipwa kuubandika. Kudai kwamba katika sinema mia moja zisipatikane hata mbili zenye daftari lake mwenyewe, kisha kusema ni yeye aliyetaka hivyo, ni kumsingizia.

Kutoka Italia twende India, ambako shutuma hiyo hiyo ilitoka katika kinywa ambacho wengi wetu tulikuwa tumezoea kukishangilia. Mwaka 1955 Satyajit Ray alitoa Pather Panchali, kisa cha familia ya kasisi fukara katika kijiji cha Bengal. Fedha zilimwishia njiani, na ikabidi serikali ya jimbo la West Bengal imsaidie. Inasimuliwa kwamba, kwa kuwa jina la filamu lina maana ya wimbo wa njia, msaada uliandikwa kwenye vitabu vya serikali kama fedha za kutengeneza barabara. Robo karne baadaye, mwaka 1980, Nargis, mcheza sinema mashuhuri ambaye wakati huo alikuwa mbunge, alimshutumu Ray kwamba anauza umaskini wa India kwa wageni badala ya kuonyesha India ya kisasa, India ya mabwawa.

Wazee wetu wanaoikumbuka Mother India ya mwaka 1957 watashtuka, maana Nargis ndiye aliyekuwa Radha, yule mama mkulima anayekokota jembe kwa mabega yake. Katika filamu hiyo deni la harusi, rupia 500, linamfungulia mlanguzi mlango wa kuchukua robo tatu ya mavuno kila mwaka. Hesabu imo, tena imetajwa kwa ukali. Inakuwaje basi mtu mmoja aicheze filamu ile kwa fahari na kumshutumu mwenzake? Jibu nadhani liko katika namna Mother India inavyoanza na kuishia. Tangu mwanzo tunamwona Radha amezeeka, anaombwa kufungua mfereji mpya wa maji, na mateso yote tunayoyaona ni kumbukumbu zake. Umaskini umewekwa jana, na leo kuna mfereji. Hapo ndipo tunapoliona sharti lenyewe: umaskini wa jana unaruhusiwa, hata unapambwa, kwa sababu unamsifu aliyepo madarakani leo. Umaskini wa leo ndio usioruhusiwa.

Hakuna aliyelivunja sharti hilo kwa ujasiri kama Ousmane Sembène wa Senegal. Huyu hakuwa msomi wa kukaa barazani. Alizaliwa Ziguinchor mwaka 1923, akafanya kazi ya ukuli katika bandari ya Marseille, akajifunza uandishi mwenyewe, akaenda kusomea sinema Moscow akiwa mtu mzima wa karibu miaka arobaini. Mwaka 1963 alitoa Borom Sarret, filamu ya kama dakika ishirini juu ya mwenye gari la farasi katika mitaa ya Dakar. Tunamfuata siku nzima: huyu analipa, yule halipi. Mwisho anadanganywa na abiria aliyevaa vizuri kuingia mtaa wa wakubwa, ambako magari kama lake hayaruhusiwi. Polisi anamnyang'anya gari, abiria anatoweka bila kulipa, naye anarudi nyumbani na farasi peke yake. Senegal ilikuwa imejitawala tangu mwaka 1960. Polisi yule hakuwa Mfaransa.

Miaka mitano baadaye alitoa Mandabi, filamu ndefu ya kwanza kuzungumzwa kwa Kiwolof, na kwa maoni yangu hakuna mhasibu aliyewahi kuandika taarifa kamili kuliko ile. Ibrahima Dieng, mzee asiye na kazi mwenye wake wawili, anapokea hawala ya posta ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara Paris. Kati ya hizo, 2,000 ni za Dieng, 3,000 ni za mama wa kijana, na 20,000 zitunzwe mpaka mwenyewe arudi. Kumbuka mgawanyo huo, kwa sababu filamu nzima ni safari ya fedha hizo kutokomea. Kabla mzee hajasikia habari, wake zake wamekwisha kukopa mchele dukani kwa nguvu ya hawala. Majirani wanasikia, kila mmoja ana shida, na kila shida ni ya kweli. Posta inataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Cheti kinataka tarehe, naye anajua tu kwamba alizaliwa yapata mwaka 1900. Mpiga picha anachukua fedha na picha haitoki. Kila dirisha analolifikia lina karani aliyekerwa na kuwapo kwake. Hatimaye ndugu msomi, mwenye suti na Kifaransa safi, anajitolea kumsaidia, anatiliwa saini, anachukua fedha, kisha anatangaza kwamba ameibiwa, na kumpa mzee gunia la mchele.

Wapo wanaoitazama Mandabi na kucheka tu, na kwa hakika inachekesha, kwa sababu Dieng mwenyewe ni mtu wa majivuno, mlafi, tena mkali kwa wake zake. Sembène hakumfanya maskini malaika. Hilo ni funzo kwa wanaodhani kwamba kumtetea mnyonge ni kumpaka marashi. Dieng anastahili fedha zake hata kama hatungependa awe jirani yetu. Haki haigawiwi kwa kupendeza.

Isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya nchi zilizoharibiwa na vita au ukoloni tu. Novemba 16, 1966, televisheni ya BBC ilionyesha Cathy Come Home, iliyoandikwa na Jeremy Sandford na kuongozwa na Ken Loach. Cathy na Reg ni vijana wawili waliooana wakiwa na matumaini. Reg, ambaye ni dereva, anaumia kazini, mapato yanapungua, nyumba inawatoka. Wanahama kutoka chumba hadi gari la kulala, kutoka gari hadi hosteli ya wasio na makazi ambamo mume haruhusiwi kulala na familia yake, mpaka maofisa wa ustawi wa jamii wanapomnyang'anya Cathy watoto katika kituo cha treni. Watu kiasi cha milioni 12 waliitazama usiku ule. Desemba mosi mwaka huo huo ilizinduliwa jumuiya ya Shelter ya kutetea wasio na makazi, iliyokuwa tayari katika maandalizi, ikakuta taifa limekwisha kuandaliwa kuisikiliza. Je, Uingereza ilimaliza tatizo la watu kukosa makazi? Hapana. Lakini baada ya usiku ule ilikuwa vigumu kwa mtu mzima mwenye akili timamu kudai kwamba hakujua.

Nusu karne baadaye, mwaka 2016, Loach yule yule, sasa akifanya kazi na mwandishi Paul Laverty, alitoa I, Daniel Blake, juu ya seremala wa Newcastle aliyepata mshtuko wa moyo. Daktari anamkataza kufanya kazi. Ofisi ya serikali inasema anaweza, na kwa hiyo inamnyima posho ya wagonjwa. Anaambiwa ajaze fomu kwenye kompyuta, naye hajawahi kuishika. Mama mmoja kijana aliyefanya urafiki naye, ambaye amekuwa akijinyima ili watoto wale, anafungua kopo la maharage palepale katika ghala la msaada wa chakula na kuyala kwa mkono, kisha anaangua kilio kwa aibu. Waziri aliyehusika na posho hizo, Damian Green, alisema filamu hiyo haitendi haki hata kidogo, huku akikiri kwamba hajaiona. Sikiliza jambo hilo tena: hajaiona. Andreotti angalau alikwenda sinema.

Sasa Mwanza. Mwaka 2004 Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa Darwin's Nightmare, filamu ya maisha halisi juu ya biashara ya sangara wa Ziwa Victoria. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya. Wenyeji wanabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki viwandani, yakianikwa kwenye matope na kukaangwa yauzwe mitaani. Mwaka 2006 filamu hiyo iliteuliwa kushindania tuzo ya Oscar, na mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani. Maandamano ya kuipinga yakafanyika Mwanza.

Yafaa tutenganishe mambo mawili yaliyochanganywa katika kelele zile. Filamu ilidokeza kwamba ndege zinazokuja kuchukua minofu zilikuwa zikileta silaha kwa ajili ya vita vya nchi jirani. Dokezo kubwa namna hiyo linadai ushahidi mkubwa, na waliosema ushahidi haukuwekwa mezani, hapa nchini na huko Ulaya, walikuwa na haki ya kusema. Hapo Sauper aliacha hesabu akashika tetesi, na kwa kufanya hivyo aliwapa wapinzani wake mlango wa kutokea. Lakini wale waliounganisha na hilo malalamiko kwamba mapanki yasionyeshwe, kwa kuwa wageni watatudharau, walikuwa wamerudia wimbo wa Roma. Mapanki hayakuletwa Mwanza na Hubert Sauper. Mama aliyekuwa akiyageuza juani alikuwapo kabla ya kamera na alibaki baada yake. Filamu hiyo ni imara kuliko pote pale mlinzi wa usiku anapotaja ujira wake, dola moja kwa usiku, akiwa na upinde na mishale ya kulindia mali ya watu. Hapo hakuna cha kujibu. Laiti mwongozaji angekaa na kuuliza bei ya kilo ya samaki pale mwaloni, bei ya minofu katika maduka ya Ulaya, na majina ya waliosimama katikati, ingalikuwa filamu ngumu zaidi kukemewa.

Nimewakosoa wenye kuona aibu. Haki inataka niwaguse pia wauza machozi. Wapo watengeneza filamu, wa kigeni na wa kwetu, ambao umaskini kwao ni rangi ya kupakia picha: nzi usoni mwa mtoto, kinanda cha huzuni, jua linazama, kwisha. Hata De Sica muziki wake wakati mwingine unamshika mtazamaji shingo na kumlazimisha alie. Machozi ya aina hiyo ni ya bei nafuu, maana aliyelia huondoka akiwa amejiridhisha kwamba ana huruma, na hajaulizwa lolote kuhusu kodi anayotoza mwenyewe.

Na kwetu hapa? Filamu za video zilizofurika masokoni tangu miaka ya 2000 zilitupa sebule zenye makochi makubwa, gari linaloingia getini, na mume anayesafiri kikazi bila kujulikana kazi yenyewe ni ipi. Ubaya wake si kwamba zilikuwa na makochi. Ubaya ni kwamba hata msichana wa kazi wa nyumba ile hakuwahi kulipwa mshahara mbele ya macho yetu. Wapo waliokwenda kinyume. Amil Shivji, katika filamu yake fupi ya Shoeshine ya mwaka 2013, aliishusha kamera mpaka pale shushaini alipokaa, akaitazama Dar es Salaam kutoka usawa wa viatu. Lakini hao ni wachache, na fedha haziwafuati.

Mada zenyewe hazihitaji kutafutwa kwa tochi. Mwaka 2019 Loach alitoa Sorry We Missed You, juu ya mwanamume wa Newcastle anayeambiwa kwamba yeye si mwajiriwa bali ni bwana wa biashara yake. Gari la mkewe linauzwa ili wapate malipo ya kwanza ya gari la kusambazia mizigo. Kuanzia hapo akiugua anatozwa faini, akichelewa anatozwa faini, na mkewe anahudumia wazee majumbani. Kijana yeyote wa bodaboda wa Mbagala au Buguruni angeielewa filamu hiyo bila tafsiri. Naye huitwa mjasiriamali. Naye pikipiki si yake mpaka mkataba uishe, mwaka mzima au zaidi, akiwa hajavunjika mguu. Neno analolitumia yeye kwa fedha anayompelekea tajiri wake kila jioni ni hesabu, na siku ambayo hesabu haikutimia, kesho yake ndiyo siku ya kwenda kwa wakopeshaji waliobandikwa jina la kausha damu.

Wanaogawa fedha za kutengenezea filamu, wa serikali na wa mashirika, waache kumuuliza mwandishi kama kisa chake kitavutia watalii. Na mwongozaji atakayejitolea aanzie jioni ile, dereva anapozipanga noti juu ya tanki la pikipiki chini ya taa ya duka: za mafuta, za hesabu, za kijiwe, za faini ya mchana. Azitaje kwa kiasi chake. Kisha kamera isimfuate dereva kwenda nyumbani kwake kuonyesha watoto waliolala na njaa, hilo tunalijua. Izifuate zile noti, zifike kwa tajiri, na kama tajiri naye amekopa, izifuate mpaka zinakoishia.